Nyanya za Siku Kumi na Tisa

Mlandizi,
27 Aprili 1938

Mdogo wangu Kibwana,

Pole yako nimeipata kwa mkono wa Zahoro muuza samaki. Imefika inanuka kambale, lakini imefika. Na hii ataileta yeye yeye, kwa hiyo usiisogeze puani.

Leo ni siku ya saba tangu tumzike mume wangu, na watu bado wanakula. Twalibu yuko chini ya udongo, wao wanagombania ukoko. Anayewaongoza ni Shomari, kaka yake marehemu, ambaye amejitandikia mkeka barazani kama aliyekabidhiwa nyumba. Mimi nimekaa eda chumbani, simwoni, ila namsikia. Anabwia ugoro, halafu anatema. Anatemea ukutani, upande wa dirisha langu, na Bi Biasha, mama mkwe, anapita nyuma yake na jivu kufunika. Ni mwanawe, kwa hiyo hasemi kitu. Mimi nakwambia wewe kwa sababu tangu juzi chakula kinanikataa kooni.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya niombe karatasi. Eda yangu ni miezi minne na siku kumi. Nimeihesabu kwa mwezi wa juu na kwa kalenda ya ukutani aliyoiacha Twalibu, natoka Ijumaa tarehe 26 Agosti. Mtoto sina, na nyumba hii ni ya kwao. Changu mimi ni kitu kimoja tu, lile bonde alilonipa mama hapo Chole, matuta kumi na mawili chini ya kisima. Siku nitakayotoka nataka nikute mboga za kuchuma. Nikiwa na mboga nitauza, nitakaa katika kibanda changu, sitamngojea mtu anilishe. Nikitoka mikono mitupu nitakuwa wa kupangiwa mume. Baba hayupo, wewe ndiwe walii wangu, kwa hiyo watakuja kwako.

Nimehesabu kurudi nyuma kuanzia siku hiyo. Biringanya ndizo zinazochelewa, zinataka karibu miezi minne, kwa hiyo ziwe zimeingia kitaluni ikifika tarehe 6 Mei, hata kama masika bado yanapiga. Kiezekee kitalu makuti, matone yasije yakachimbua mbegu. Nyanya usizisie kabla ya tarehe 20 Mei. Nakujua, utataka kuzimaliza zote siku moja ukapumzike. Usifanye hivyo, nyanya iliyokulia kwenye masika huoza shina ikiwa bado imesimama. Baada ya wiki nne zing'oe kitaluni uziatike matutani, na uziatike jioni. Bamia hazina haja ya kitalu, zichomeke tutani mwisho wa Juni. Mchicha uwe wa mwisho kabisa, tarehe mosi Agosti, maana siku ishirini na tano tu unachumwa. Ukiusia mapema utakomaa na kutoa mbegu, nami nitakuta kuni.

Mbegu ziko kwa wifi Mwamvita, ndani ya kibuyu, kila aina na kitambaa chake. Najua bustani ni kazi ya wanawake na nyinyi mmezoea minazi, lakini Mwamvita amejifungua juzi, simtaki ainame. Nifanyie wewe. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Dada yako akupendaye,
Siwema


Chole,
12 Mei 1938

Kwa mpenzi dada yangu Bi Siwema binti Maneno, Mwenyezi Mungu akupe subira na akuhifadhi.

Shikamoo dada. Baada ya salamu nyingi zisizo na kipimo, nakuarifu sisi hapa sote wazima, mtoto ananyonya vizuri, Mwamvita anakusalimu sana, hofu yetu ni kwako tu.

Ama kuhusu bustani, ondoa shaka kabisa. Kitalu nimekitengeneza kwa mikono yangu, biringanya nimezisia tarehe uliyotaja, na makuti nimeezeka. Kusema kweli kazi yenyewe ni ndogo sana kwa mwanaume. Nashangaa nyinyi wanawake mnavyoilalamikia.

Shomari alifika kwetu wiki iliyopita. Alikuja kutushukuru kwa kuhudhuria msiba. Dada, yule ni mtu mwema mno. Alitaka kuliona bonde, nikampeleka, akasimama akalisifu, akasema udongo ule unaweza kumlisha mtu na wajukuu zake. Pale kwenye shamba la mkonge ni nyapara, na kauli yake inasikilizwa na wazungu. Si vizuri kumsema mtu wa namna hiyo kwa ajili ya ugoro tu.

Akusalimuye kwa mapenzi,
mdogo wako Kibwana bin Maneno


Mlandizi,
22 Mei 1938

Kibwana mdogo wangu,

Ahsante kwa biringanya. Umenipa usingizi wa siku mbili.

Halafu nikaisoma barua yako mara ya pili, usingizi ukaniruka. Nani alikwambia umpeleke Shomari bondeni kwangu? Bonde lile hata Twalibu mwenyewe, mume wangu wa miaka kumi na minane, aliingia kwa kubisha hodi. Sasa anapelekwa yule kwenda kuangalia udongo kama anayechagua mbuzi?

Amerudi kutoka huko na maneno mapya. Jana alisimama nje ya dirisha langu, akakohoa, akatema, akasema, "Shemeji, wewe kaa kwa raha zako. Mambo yako yanashughulikiwa." Mwanamke niko kwenye eda, mwanaume ananisemesha dirishani kwa sauti ya kubembeleza! Nilichukua maji nikaosha masikio. Usicheke. Niliyaosha kwa sabuni.

Niambie kwa uwazi. Biringanya zina majani mangapi? Nyanya umezisia? Kimamba hawajaingia? Ukiwaona chini ya jani, nyunyiza maji yenye jivu asubuhi. Na usimpeleke tena mtu bondeni.

Dada yako,
Siwema


Chole,
8 Juni 1938

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Baada ya salamu, nakupa habari za kukufurahisha moyo. Bustani yako imekuwa gumzo la hapa Chole. Nyanya nilizisia tarehe 20 Mei kama ulivyoamuru, na sasa hivi nikuandikiapo zimejaa maua ya manjano tutani, nyingine zimeshafunga tunda. Biringanya ndiyo usiseme, zinaning'inia za zambarau, watu wakipita wanasimama kutazama. Mkono wangu una baraka, mama alikuwa akisema hivyo siku zote.

Basi wewe tulia ufanye ibada yako. Na ukisikia Shomari anakusalimia, mwitikie kwa wema. Mtu hujui kesho yako iko kwa nani.

Wako mtiifu,
Kibwana


Mlandizi,
14 Juni 1938

Kibwana,

Umesia nyanya tarehe 20 Mei. Umeandika mwenyewe. Barua yako ni ya tarehe 8 Juni. Hizo ni siku kumi na tisa.

Nyanya ya siku kumi na tisa ina kimo cha kidole changu cha mwisho. Ina majani manne, labda matano ukiihesabia na yale ya kuzaliwa nayo. Haijatoka hata kitaluni. Tutani inaingia baada ya wiki nne, inalala kama mgonjwa siku tatu, inaamka, na ua la kwanza inalitoa ikiwa imepita mwezi na nusu. Hiyo yako imepata wapi maua? Na hilo tunda limefungwa na nani? Biringanya nazo, siku thelathini na tatu, unaniambia zinaning'inia! Biringanya ya siku thelathini na tatu haina hata nguvu ya kushikilia umande.

Mwongo wa kiume hujulikana kwenye bustani. Ungekuwa umechungulia bustani ya mwanamke yeyote wa hapo Chole, angalau ungedanganya kwa mpango. Ungeniandikia kwamba zimeota na zina majani mawili, nami ningekaa hapa nikishukuru Mungu mpaka Agosti. Lakini wewe hukuona haja hata ya kujua unachonidanganyia. Umeona huyu yuko ndani, amefungwa, mtupie maua.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilihisi kitu kama nimelamba chuma chenye kutu. Si hasira. Hasira naijua, ni ya moto. Hiki ni kinyaa, na sikuwahi kukionea kinyaa kitu chochote kilichotoka kwa mama.

Nakuuliza mara moja. Umepanda au hukupanda? Kama hukupanda, sema leo. Nyanya ukizisia leo zitaiva katikati ya Septemba. Nitachelewa lakini sitakufa.

Dada yako,
Siwema


Chole,
28 Juni 1938

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imeniumiza. Kweli mdogo wako wa tumbo moja unamwita mwongo kwa ajili ya maua ya nyanya?

Nilichanganya maelezo, ndivyo ilivyo. Zile zenye maua ni miche niliyoomba kwa jirani ikiwa imekwisha kukua, nikaipandikiza ili mambo yaende haraka, kwa ajili yako. Mbegu zako na zenyewe zimo. Maneno mengi hayasaidii, kwa hiyo nakuletea ushahidi. Zahoro amebeba kikapu chako: nyanya, biringanya na bamia, vyote vimechumwa bondeni asubuhi hii hii. Vionje, uhukumu mwenyewe.

Na dada, jiulize baada ya Agosti utakwenda wapi. Mboga ni mboga tu. Mwanamke anahitaji mlango wa mtu.

Mdogo wako,
Kibwana


Mlandizi,
4 Julai 1938

Kibwana,

Kikapu kimefika. Kilifika siku ya tano, kimekaa chini ya kambale wa Zahoro, kinachuruzika. Bi Biasha alikifungua uani akarudi nyuma na ushungi mdomoni. Nyanya zimepasuka na funza wanatoka kwenye mpasuko kwa foleni. Biringanya ukizibonyeza kidole kinazama mpaka kwenye fundo, na maji yanayotoka ni ya kahawia. Nzi wa Mlandizi nzima wamekuja kwetu.

Mama mkwe alitaka kukitupa. Nikamwambia kiache, nataka kuviangalia. Nikakaa kizingitini, nikafunga pua kwa kanga, nikachambua kimoja kimoja kwa kijiti.

Mbegu zangu za nyanya ni za mama. Tunda lake lina mikunjo kama kiuno cha kikapu kilichokazwa, kila mtu Chole anazijua. Hizi zako ni laini, za mviringo, za kununua kwenye gulio. Na bamia, Kibwana! Bamia nilikwambia zichomekwe mwisho wa Juni. Zinahitaji siku hamsini. Wewe umezichuma tarehe 28 Juni, kabla hata ya siku ya kuzipanda, na ni ngumu, zimekomaa, huwezi kuzikata kwa kisu. Umekwenda gulioni ukaninunulia uongo, na hata uongo wenyewe ukachagua uliolala.

Funza hawakunitapisha. Nilitapika baadaye, nilipokumbuka kwamba ulikaa chini ukavipanga vile vitu, nyanya juu, bamia pembeni, vizuri, kama mtu anayempelekea ndugu yake zawadi.

Siwema


Mlandizi,
4 Julai 1938

Wifi yangu Mwamvita,

Hii nimempa Zahoro mbali na ile ya mumeo, na nimemwambia akuletee jikoni. Arobaini yako imekwisha, unaweza kutembea. Mbebe mtoto, shuka bondeni, simama kwenye kisima, kisha uniandikie unachokiona. Usimuulize Kibwana, na usinifiche kitu kwa kunionea huruma.

Wifi yako,
Siwema


Chole,
12 Julai 1938

Wifi Siwema, shikamoo.

Herufi zangu za chuo cha Kurani zimechakaa, nisamehe. Nimekwenda. Kila siku Kibwana alikuwa akiniambia bustani inaendelea vizuri, nami niliamini, maana jioni alikuwa anarudi na udongo miguuni.

Wifi, hakuna kitalu wala makuti. Kibuyu chako cha mbegu bado kiko uvunguni kwangu, fundo la kitambaa ni lile lile ulilofunga wewe. Matuta yote yamesawazishwa. Mahali pake pamepandwa minazi michanga kumi na miwili, imechimbiwa mashimo ya kiuno, imezungushiwa miiba. Mmoja umepandwa palepale mama alipokuwa akiweka mtungi. Ulinikataza kumuuliza Kibwana, lakini nilishindwa, akasema, "Ni ya Shomari. Nyamaza, ni mambo ya wanaume." Unajua maana yake. Huku ukimwazima mtu shamba unamkataza mti wa kudumu, kwa sababu mnazi ukishika, hata ukifika mbele ya jumbe, aliyepanda ndiye huhesabiwa mwenye shamba.

Lipo jingine. Nimewasikia wakizungumza barazani kwetu mwezi uliopita. Shomari amekuposa na Kibwana amekubali. Arusi ni Jumamosi, siku moja baada ya eda yako kwisha, mke na bonde lake pamoja. Kibwana ameahidiwa unyapara mdogo kwenye mkonge. Kwa sasa amepewa koti. Ni lile koti jeusi la reli la shemeji Twalibu, lenye vifungo vya shaba. Mirathi haijagawanywa. Analivaa ndani ya nyumba, wifi, wakati wa kula. Mimi namwekea sahani na kugeuka upande wa pili, kwa sababu siwezi kumwangalia anavyopangusa mchuzi kwenye mkono wa koti lile.

Wifi yako,
Mwamvita


Mlandizi,
17 Julai 1938

Mwamvita wifi yangu,

Mungu akulipe. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa.

Koti lile nililishona mimi kwapani mara tatu. Twalibu alifariki limetundikwa nyuma ya mlango, na bado lilikuwa na kitambaa chake cha pua mfukoni. Niliuliza liko wapi, Shomari akajibu dirishani kwamba limepelekwa kufuliwa. Sasa naambiwa limo mwilini mwa ndugu yangu, anakula nalo. Na nimeposwa ndani ya eda! Jambo hilo hata wasioswali wanalijua kwamba ni haramu. Wamekaa wawili, mmoja anatema ugoro, mwingine amevaa nguo ya maiti, wakanigawa kama nyama ya hitima. Nashikwa na kichefuchefu nikifikiri kwamba mtoto wako ana pua ya Kibwana, na pua hiyo ni yangu mimi.

Jana nilishika kitasa. Nilitaka kutoka nije niing'oe ile minazi mimi mwenyewe. Bi Biasha alisimama mlangoni, hakunizuia, alinitazama tu. Nikarudi kukaa. Eda hii ni ya Twalibu, na sitaivunja kwa ajili yao.

Kwa hiyo shika jembe, wifi. Biringanya na nyanya zimetupita, tusizililie. Bamia chomeka wiki hii, zitaanza kuzaa Septemba. Mchicha sia tarehe mosi Agosti, bila kukosa, na kunde za majani pembeni. Panda kwa vipande katikati ya minazi, na mnazi wowote usiuguse hata jani. Waite wanawake wa kisimani wakusaidie, wengi, mchana kweupe, waone mbegu za nani zinaingia kwenye udongo wa nani. Kibwana akiuliza, mwambie ni mboga za arusi. Atafurahi.

Siwema


Chole,
12 Agosti 1938

Kwa dada yangu Bi Siwema,

Shikamoo. Naona hujibu tena barua zangu, lakini mimi ni walii wako na ni wajibu wangu kukueleza. Nimekupatia mume. Ni Shomari. Arusi itakuwa hapa kwetu Jumamosi tarehe 27, sheikh amekwisha ambiwa na mbuzi yupo.

Usije na maneno makali. Una miaka thelathini na tisa, hujazaa, na uzuri wako unaujua ulikofikia. Nani mwingine atabisha hodi? Anakuchukua kwa heshima ya nduguye. Na bonde litakuwa na minazi, mali ya kudumu, siyo majani ya kuoza kwa siku mbili. Ilibidi nikufiche kwa sababu ungepiga kelele. Mtoto anapopewa dawa chungu hushikwa pua.

Hata Mwamvita amefurahi. Amesia mchicha mwingi wa arusi, umeota vizuri sana. Unaona tunavyokujali?

Walii wako,
Kibwana bin Maneno


Mlandizi,
4 Septemba 1938

Dada Siwema,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka barazani kwa Shomari, nilikokimbilia baada ya arusi kuvunjika.

Uliniaibisha mbele ya watu sitini. Mwanamke anatoka eda jana, leo anaingia katikati ya wanaume amejitanda kaniki, anamwambia sheikh, "Muulize walii wangu posa ililetwa mwezi gani." Kwa nini hukuniita pembeni? Mimi nilitishika, nikasema Juni. Sheikh akauliza mara mbili, Juni, na mimi kwa ujinga wangu nikarudia. Akavaa viatu vyake akaondoka bila hata kunawa. Halafu ukawachukua jumbe na wale wanawake wako wote bondeni. Jumbe akaniuliza ni nani aliyenipa mimi ruhusa ya kumpa mtu mwingine bonde lako. Akaamuru minazi ing'olewe.

Siku tatu baadaye mkokoteni ulishusha minazi kumi na miwili mlangoni pa Shomari, kila mmoja na udongo wake umefungwa kwenye gunia, hakuna hata uliovunjika jani. Watu wa Mlandizi walicheka mpaka jioni. Tangu siku hiyo hasemi nami. Unyapara hakuna. Ananiacha nilale barazani kwa kuwa Bi Biasha amemwomba, na usiku anatema karibu na kichwa changu, sijui kama ni kwa makusudi.

Nimemwandikia Mwamvita mara mbili, kimya. Sikia dada, kosa nimelifanya. Lakini mimi na wewe tumenyonya titi moja. Nirudi lini?

Mdogo wako,
Kibwana


Chole,
11 Septemba 1938

Kibwana,

Mwamvita yuko hapa kibandani kwangu na mtoto. Barua zako amezipata. Ya kwanza aliisoma, ya pili amewashia moto, na sikumwambia afanye hivyo. Siku utakayotaka kuzungumza naye, tuma wazee kwa baba yake.

Koti nimeona umelituma kwa Zahoro, halikutajwa katika barua yoyote, limekunjwa ndani ya gazeti. Nimelichemsha mara mbili. Bado lina harufu yako, ugoro na mchuzi. Limekwenda kwa Bi Biasha, ndiye mwenye haki nalo, aligawe kwa sheria pamoja na vitu vingine vya mwanawe.

Bonde liko hivi. Mashimo ya minazi tumeyafukia mimi na Mwamvita, kiuno kinaniuma hadi leo. Mchicha tulianza kuuchuma tarehe niliyoihesabu, umekuwa mwororo, na majani ya kunde yamefuata. Bamia tumezichuma jana kwa mara ya kwanza, kikapu kimoja kidogo. Nyanya hazipo. Nilizitaka sana, nilikuwa nimekwisha ziona, lakini siku zake zilipita nikiwa ndani nasoma habari za maua yako. Mbegu nimezisia tena wiki hii, ila jua la Oktoba litazipata bado changa na sijui nitapata ngapi. Hasara hiyo ni yako na naibeba mimi.

Unaniuliza urudi lini. Nimelifikiria swali lako kwa haki kabisa, nimejaribu kulihesabu kama ninavyohesabu mambo mengine, na kila nikianza kinyaa kinanipanda. Unaniandikia kwamba tumenyonya titi moja. Ni kweli, na ndilo linalonichefua. Shomari ni mtu wa nje, alitaka mke na bonde, akatumia alichonacho. Wewe ulikuwa ukipaka udongo miguuni kila jioni kabla ya kuingia kwako.

Jana Jumamosi nilipeleka mboga gulioni. Nilikuwa nimekaa chini nafunga mafungu ya mchicha, akaja mama mmoja simjui, akanitazama usoni kwa muda, akauliza kama mimi ndiye dada yake Kibwana bin Maneno. Nikamwambia hapana, amenifananisha, mimi sina ndugu. Nilingoja uongo ule unichefue kama unavyonichefua wa kwako. Haukunichefua. Yule mama alinunua mafungu mawili, akaenda zake.

Siwema binti Maneno